Jaketi okozi la mtumba kutoka Memorial: nilivuta kila mshono kabla ya kumvika binti yangu

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, mwaka wa 17 sasa, kwa hiyo jaketi hili la kumwelesha mtu majini nililikagua kwa macho ya fundi kwanza, ya mama baadaye. Nililipata soko la Memorial mwanzoni mwa Desemba. Muuzaji alianzia 25,000, tukamalizana kwa 15,000. Alikuwa amelitundika katikati ya makoti ya baridi. "Mama, hicho kizibao kinapasha joto kweli," akaniambia. Nikakigeuza ndani kutafuta lebo. Maandishi yalikuwa ya Kijerumani, lakini tarakimu hazina lugha: 100 N, kilo 15–30.

Hiyo N ndiyo ya kutazama kabla ya rangi na kabla ya bei. Ni nyutoni, kipimo cha nguvu ya kumwinua mtu majini. Jaketi la 50 ni la anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. La 100, lenye kola ya sponji nyuma ya shingo, hutengenezwa ili limgeuze mtu alale chali, uso juu ya maji. Binti yangu ana miaka 6 na kuogelea hajui. Kilo nazo sikukisia; nilimpandisha kwenye mizani ya duka la dawa, ikasoma 19.

Niseme kwa nini nilihangaika hivyo. Mwaka juzi tulikwenda kwenye bwawa la hoteli moja, naye akiwa ndani ya boya la duara la kujaza upepo. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, namenya chungwa. Sikusikia chochote. Nilipoinua macho, boya lilikuwa linaelea peke yake. Shemeji yangu aliruka na suruali yake na viatu vyake, akamtoa. Alikohoa, akalia, na bado tulimkimbiza hospitali, maana maji yakiingia mapafuni shida inaweza kuchelewa kujitokeza kwa saa kadhaa. Miaka yote nilidhani mtu anayezama hupiga kelele. Hapigi. Mdomo ukiwa majini, pumzi ya kuitia mtu haipo. Baadaye nilisoma kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka 5. Nikaliona lile boya upya. Zile ni za kuchezea, ziwe za kiunoni au za mikononi, na mtoto huchomoka humo kama sabuni.

Sasa ushonaji. Mikanda ya jaketi hili imeshonwa kwa uzi wa nailoni, na kila inapoungana na kitambaa wamerudisha zigizaga mara nyingi. Niliingiza kidole kwenye kila mkanda nikavuta kama ninayetaka kuung'oa. Haukutoka. Begani upande wa kushoto rangi imepauka kwa jua, na hapo nilivuta zaidi, kwa sababu kitambaa kilichopauka mara nyingi kimeshaoza. Hiki bado kigumu. Sponji nilifinya kwa dole gumba, ikarudi yenyewe. Ikibaki na shimo, liache sokoni. Bizimu zote tatu zinabana. Filimbi haikuwepo, nikanunua nyingine nikaifunga kwa kamba. La maana kuliko yote, kuna mkanda wa kupita katikati ya miguu. Bila huo mkanda, mtoto akiingia majini jaketi linapanda masikioni na yeye anabaki chini. Mfunge kila kitu, kisha mshike mabegani mwa jaketi umnyanyue: likipita kidevu, halimfai.

Wiki hiyohiyo dada yangu alimnunulia mwanawe jipya, kwenye duka moja la mjini, kwa 40,000. Linang'aa. Lebo haina kilo wala N, mkanda wa miguuni hakuna, na mshono ni wa uzi wa pamba ambao maji na jua huula upesi. Nilivuta mara moja mkanda wa kifua ukatoka mkononi mwangu. Dada alinuna, lakini heri ulivyotokea chumbani. (Mteja mwingine aliniletea jaketi la mtu mzima nilipunguze limwenee mtoto. Nilikataa kazi hiyo. Ukikata au kutoboa kipande cha sponji, lebo yake haina maana tena.)

Tulilijaribu kwenye chemchemi ya Chemka tarehe 27 Desemba, ndugu wote wa Dar wakiwa wamepanda kwa Krismasi. Unafika Boma Ng'ombe, unaacha lami, halafu ni vumbi mpaka kwenye miti. Maji yake ni angavu, unahesabu mizizi, na hapo ndipo macho yanapodanganywa: maji hupindisha mwanga, kina cha mita 4 huonekana kama mita 3. Nilishuka naye pembeni, nikamlaza kifudifudi nikimshika, nikamwachia kwa hesabu ya mbili. Akageuka chali mwenyewe, akacheka. Mimi nililia kidogo.

Hata hivyo jaketi halichungi mtoto. Tulikuwa watu wazima 7, na wakubwa wakiwa wengi kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia. Kwa hiyo tulitumia kanga yangu nyekundu: aliyejifunga ndiye mlinzi kwa nusu saa, hana simu, hana bia, hana mbege, na mtoto asiyejua kuogelea haachwi mbali na mkono wa mtu mzima. Zamu ya baba mkubwa ilipofika nilimwambia, "Naomba nikushikie simu, baba mkubwa." Akanipa bila neno.

Kasoro zipo. Nchi kavu linachemsha mwili, na kwa joto la Desemba nililivua kila tulipotoka, nikampa maji ya kunywa kabla hajaomba, kwa kuwa maji ya pale ni vuguvugu na mtoto anasahau kiu. Mkanda wa miguuni ulimkwaruza paja. Safari ijayo atavaa kaptura ndefu. Kukauka linachukua siku mbili, tena kivulini, maana jua ndilo linaloozesha kitambaa.

Sasa limetundikwa kwenye banda langu la kushonea. Majirani wawili wameshaliomba kwa ajili ya Pasaka. Nitawaazima, ila mtoto aje kwanza nimpime nalo, na kanga nyekundu naitoa pamoja nalo.