"Mama, hii siyo Karume": uzoefu wangu na mnada wa mtandaoni

Nilisubiri kabla ya kuandika haya nikidhani hasira itapoa. Haijapoa.

Nauza vitu vya mtumba vya nyumbani: blenda, pasi, vigari vya watoto, mashine za kahawa, na zaidi ya yote vyerehani. Mzigo nauchukua kwa watu wanaofungua makontena Ilala na Mwenge, unapita kwa fundi, ndipo nauingiza kwenye mnada wa mtandaoni. Programu ninayoisema ni ya hapa hapa Dar es Salaam. Jina silitaji, anayefanya biashara hii ataitambua kwa tabia zake.

Kabla ya Ramadhani iliyopita niliweka cherehani ya Juki ya kiwandani, ile ya sindano moja inayokuja na meza yake, imetoka Japani ikiwa nzima. Niliipiga picha kila upande. Nikairekodi ikishona jinzi mikunjo minne bila kuruka hata tundu moja. Nikaandika wazi kwamba kona ya meza imebanduka rangi, ili asije mtu kusema alifichwa. Mota ya zamani ya klachi nilikuwa nimeshaitoa nikafunga ya sevo, maana siku hizi swali la kwanza la mteja ni umeme. Ya klachi ukishaiwasha inazunguka muda wote, hata fundi akiwa amekaa anakata kitambaa, na LUKU inakwenda. Ya sevo inazunguka pale tu mguu unapokanyaga. Hiyo mota peke yake ni pesa, na fundi wa kuifunga ni pesa nyingine.

Mnada ulianza kwa laki mbili na nusu, ukafungwa usiku kwa laki nne na themanini. Mshindi alikuwa mtu wa Mbagala Rangi Tatu. Alinipigia mwenyewe, kwa furaha kabisa: "Dada, niletee kesho, nalipa mzigo ukifika."

Kesho yake nikakodi kirikuu kutoka Mwananyamala. Foleni tuliyoikuta njiani naiacha. Tulipofika yule bwana alitoka nje, akaizunguka mashine, hakugusa hata mkanda, hakuomba iwashwe. Akasema amepata nyingine Kariakoo kwa bei ya chini. Akatoa simu mbele yangu, akabonyeza "ghairi ununuzi", akarudi ndani. Dereva wa kirikuu akaniangalia, mimi nikamwangalia. Nauli ya kwenda na kurudi, elfu thelathini na tano, ikatoka mfukoni kwangu.

Wateja wa namna hiyo wapo, na simwandikii yeye. Kilichonichoma ni cha jioni. Nafungua akaunti yangu nakuta nimekatwa kamisheni ya asilimia 8, yaani shilingi 38,400, kwa mauzo ambayo hayakufanyika. Nikapiga huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea hata salamu hakunipa. Namweleza, ananijibu kwa mkato: mfumo unakata kamisheni mnada unapofungwa. Nikamwuliza, baba, kama mnada umefungwa na mmeshachukua chenu, huyu mshindi anaghairi kitu gani? Ama mauzo yapo, basi mumbane alipe, ama hayapo, basi mnirudishie. Akavuta pumzi nikaisikia. Akasema:

"Mama, hii siyo Karume. Kama mambo ya mtandaoni huyawezi, rudi sokoni ukauze chini."

Akakata simu.

Hii siyo Karume. Nililala na hilo neno nikaamka nalo. Mimi biashara nimejifunzia Karume, pale Mchikichini, nikifungua belo alfajiri na watu wameshazunguka wanasubiri kuchagua. Namfahamu mtu wa Karume. Pale mteja akisema "nimechukua" na wewe ukasema "haya", maneno yamekwisha. Akigeuka baada ya nguo kukunjwa na kuwekwa kwenye mfuko, meza ya jirani itamsema, ya tatu itamsema, na siku nyingine akirudi hapati bei ya maana kwa mtu yeyote kwenye mstari ule. Soko lilipoungua Januari 2022 kuna watu walibaki na nguo walizovaa tu. Nawajua waliokuwa wanadaiwa mabelo ambayo yote yalikuwa majivu, na walilipa, kidogo kidogo, bila karatasi, bila mfumo. Halafu mtoto anayekaa kwenye kiti cha ofisi anataja jina la soko hilo kama tusi! Laiti programu yao ingekuwa na nusu ya adabu ya Karume, nisingekuwa naandika haya.

Na kwenye suala lenyewe alikosea. Mdogo wangu anasoma sheria Mlimani, na nilipomsimulia alinionyesha Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Kwenye mnada, nyundo ikishagonga mauzo yamekamilika. Kabla ya kugonga, mtu ana ruhusa ya kuondoa dau lake. Ikishagonga, amenunua. Sasa hawa wenzetu wametengeneza kitufe cha kuondoa dau baada ya nyundo, wakampa mnunuzi bure, na gharama ya hicho kitufe wakaniandikia mimi muuzaji. Huo ni mnada wa nchi gani?

Kila anayeishi mji huu ameshalisikia gari la matangazo likipita mtaani kutangaza nyumba inayopigwa mnada. Masharti tunayajua kwa moyo: mshindi analipa robo ya bei papo hapo, salio kwa siku watakazompa. Robo! Kwa nini? Kwa sababu madalali wanajua mdomo hauna gharama. Mimi siombi robo kwa cherehani. Naomba mshindi aweke hata elfu ishirini kwa simu, ikae kwao, akighairi initoshe angalau mafuta ya kirikuu. Hilo haliwashindi. Kukata kamisheni yangu wanaweza usiku wa manane bila kuniuliza, kumkata mshindi elfu ishirini ndiyo teknolojia ngumu?

Wala wasiniambie mnada wa mtandaoni ndivyo ulivyo duniani. eBay wanafanya kazi hii tangu mwaka 1995. Kule mnunuzi asipolipa kwa siku 4, muuzaji anaruhusiwa kufuta mauzo na ile ada ya mauzo anarudishiwa. Yaani tatizo hili watu walilikuta, wakalifikiria, wakalipatia dawa, na dawa yenyewe haikuhitaji elimu ya anga. Hawa wa kwetu waliiga picha za vitu na saa inayohesabu kurudi nyuma, kinachomlinda muuzaji wakakiacha huko huko.

Jambo jingine linaloniumiza. Nilipojiunga kama muuzaji walitaka namba ya NIDA, picha yangu nikiwa nimeshika kitambulisho, na mahali ninapoishi. Sikukataa, ni sawa, watu wamelizwa sana. Mnunuzi yeye anaingia kwa namba ya simu tu. Leo anashinda mnada, kesho anaghairi, keshokutwa anakuja na laini nyingine kwa jina jingine. Ukiwauliza wanasema wanataka kuwarahisishia wateja. Mimi ninayelipa kamisheni kila wiki ni nani kwao?

Lakini niseme na haki yao, nisije nikaonekana nimekuja kuwabomoa. Kwa vitu vidogo programu hii imenilisha. Vigari vya watoto vinavyotoka Uingereza, ambavyo dukani mteja atakubembeleza mpaka uchoke, kwenye mnada wanapandishiana wenyewe. Mama mmoja Tabata na mwingine Kigamboni waliwahi kushindania kigari kimoja mpaka kikafika karibu mara mbili ya bei niliyoitarajia, na aliyeshinda alilipa usiku ule ule, kabla sijamtumia hata namba. Kitu kingine walichokipatia ni muda. Mtu akiweka dau dakika za mwisho, mnada unajiongeza, wengine wapate kujibu. Wajapani kwenye Yahoo! Auctions wana utaratibu huo, dakika 5 zinaongezeka, na ni mzuri, unazuia wale wanaovizia sekunde ya mwisho ili wanunue kwa bei ya kuokota. eBay hawana, kule saa ikifika imefika. Kwa hilo wa kwetu nawapa heko kwa dhati, na kwa hilo nilikuwa nimeshaamua kuwapa nyota tatu.

Ila kila nikitaka kuandika tatu nasikia ile sauti. Rudi sokoni ukauze chini. Ningesamehe mfumo mbovu, mfumo unarekebishwa. Nauli nimeshaisahau, na cherehani yenyewe haikulala: dada mmoja mshonaji wa Tandale alikuja nyumbani, akakaa kwenye stuli, akaishona nusu saa nzima, akaichukua kwa laki nne na nusu na pesa akanihesabia mkononi. Bila saa inayohesabu, bila asilimia 8. Mtu aliyekuja kwa miguu yake na kukijaribu kitu kwa mikono yake. Tena ukitoa kamisheni, kwake nilipata zaidi ya ambacho ningepata kwa yule wa Mbagala hata angelipa.

Kwa hiyo, anayeniuliza kama aingie: kwa pasi, blenda, kigari, kitu ambacho bodaboda anakibeba, ingia, na usitoe mzigo nje ya mlango kabla pesa haijasoma kwenye simu yako. Wakilalamika kwamba unachelewesha, wacha walalamike. Cherehani, friji, kochi, chochote kinachohitaji kirikuu, usithubutu mpaka wabadilishe kile kitufe. Na hata hizo pasi na blenda, sasa hivi ninavyoandika, nimezishusha zote. Hazirudi kule mpaka mtu mwenye cheo pale ofisini anipigie, anipe salamu kwanza, aniombe radhi kwa kauli ya kijana wake. Nimeandika barua pepe, nimetuma ujumbe, nimeambatanisha picha ya muamala na jina la mtaa tuliposimama na kirikuu. Jibu lililokuja ni lile la mashine: "Asante kwa kuwasiliana nasi."

Nyota moja. Shilingi 38,400 zangu wanazo bado, na namba yangu wanayo.