Uzoefu wangu: udongo mwepesi wa watoto kwenye chapeo ya Mreno

Nimeshona mavazi ya jukwaani miaka tisa hapa Mombasa, na muda wote huo kitu nilichokikwepa ni chuma. Kanzu, joho, gwanda la askari, kilemba cha liwali, hayo nitakutolea bila wasiwasi. Mwaka huu sikuwa na pa kukimbilia. Kikundi chetu kiliamua kuigiza kisa cha Yusufu bin Hasani, mtoto wa sultani aliyelelewa na Wareno kule Goa, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo, kisha mwezi Agosti 1631 akawageukia na kuitwaa Ngome ya Yesu. Katika kisa hicho Mreno lazima ajulikane kuwa Mreno kabla hajafungua kinywa, na kinachomtambulisha ni chapeo yake: ile yenye undu mrefu kama wa jogoo, toka kipajini hadi kisogoni, na ukingo uliopinda juu ukachongoka mbele na nyuma mithili ya mtumbwi. Hata neno chapeo tulilipata kwao, sawa na meza, bendera na leso.

Ninachotaka kueleza ni udongo mwepesi niliotumia kufinyanga mapambo ya chapeo hiyo. Ni ule wa kuchezea watoto unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule, mara nyingi kwa vipakiti vya rangi 12. Mimi nilinunua mweupe mtupu, gramu 500, shilingi 650. Ukiukamata mkononi unahisi kama hukushika kitu. Hauhitaji tanuri, unakauka wenyewe kwa hewa, na ukikauka unabaki na ulaini fulani kama soli, hauvunjiki kama chaki. Nilikuwa nimeona watu wakiusifu kwa kazi za namna hii, lakini karibu wote wanaishi kwenye hewa kavu. Sisi tuko kando ya bahari, na nilifanya kazi hii mwezi wa Mei, mvua za masika zikiwa hazijaisha. Hilo limebadilisha mambo mengi.

Kwanza umbo lenyewe, maana udongo peke yake hautengenezi chapeo. Nilitumia povu la mikeka ya watoto inayopachikana kama fumbo, unene wa milimita 10. Ni povu la aina moja na soli za ndara. Nilimvisha mwigizaji wetu nailoni ya kufunikia chakula kichwani, nikazungushia selotepu ya karatasi mpaka ikawa gamba, nikachora mistari kwa kalamu, kisha nikakata taratibu na kulitoa. Gamba hilo ndilo likawa kielelezo. Niliunda nusu mbili, kushoto na kulia, zikakutana juu ya undu. Baadhi ya chapeo halisi za zamani zilifuliwa hivyo hivyo, nusu mbili zikaunganishwa utosini, kwa hiyo mshono wangu umekaa mahali ambapo mhunzi naye angeuweka. Jambo hilo lilinifurahisha sana.

Gundi ilikuwa ya viatu. Nilimwendea mzee mmoja anayeshona viatu karibu na soko, nikamwonyesha ninachotaka kuunganisha. Akaniambia, "Binti yangu, gundi hii haitaki haraka. Paka huku, paka kule, kisha kaa. Ukiigusa na isishike kidole, ndipo uunganishe. Na ukishaunganisha umeunganisha, hakuna kurudi." Nilifuata neno kwa neno. Mshono haujaachia hadi leo.

Kosa langu lilikuwa kwingine. Nilikuwa nimenunua kichwa cha kutundikia wigi, cha lile povu jeupe la kufungia televisheni, nikaivisha chapeo juu yake ili niunganishe ukingo. Gundi ilichuruzika kidogo ndani. Niliporudi baada ya nusu saa, utosi wa kile kichwa ulikuwa umeliwa, shimo la kutosha kuingia ngumi. Povu la mkeka halikudhurika hata kidogo, lakini lile jeupe huyeyushwa na gundi ya viatu na vilevile na rangi nyingi za kupuliza. Ukitumia kichwa cha namna hiyo, kizungushie nailoni na selotepu kwanza, safu mbili au tatu.

Kabla ya udongo nilipitisha hewa ya moto juu ya povu lote, kwa mashine ile ya mafundi wa plastiki. Joto hufunga vitundu vya juu na uso unaanza kung'aa kidogo. Kama hujafanya hivyo, rangi itazama ndani na utapaka usimalize. Ukingo nao niliupinda wakati huo huo, nikiushikilia kwa glavu mpaka upoe, kwa sababu povu hukumbuka umbo lilimopoea.

Sasa udongo. Chapeo za askari wa kawaida hazikuwa na urembo mwingi, ila safu ya misumari ya vichwa vya waridi iliyozunguka pale ukingo unapokutana na kichwa. Haikuwekwa kwa urembo tu, ilishikilia kitambaa cha ndani. Za wakubwa ndizo zilizochorwa majani na mizunguko. Nilikuwa natengeneza ya kapteni wa ngome, kwa hiyo nilihitaji viwaridi 24, msokoto wa kamba juu ya undu mzima, na majani yaliyonyanyuka ubavuni kila upande.

Viwaridi nilivitoa kwenye kifungo cha zamani cha koti, chenye ua. Nilikandamiza kifungo kwenye kipande cha udongo, nikaacha kikauke kabisa, nikapata kalibu. Baada ya hapo, kila kiwaridi ni punje ya udongo, wanga kidogo usishike, kandamiza, banua kwa sindano. Vyote 24 vilinichukua jioni moja. Hapa udongo huu nausifu bila kusita: ulishika hata mishipa midogo ya petali ambayo sikujua kama iko kwenye kile kifungo.

Msokoto ulikuwa rahisi zaidi ya nilivyotegemea. Unaviringisha nyuzi mbili ndefu za unene sawa, unazisokota pamoja kama kamba ya kitanda, unailaza juu ya undu uliopakwa gundi nyeupe ya mbao. Kidole kilicholowa maji kinafuta alama zote za mikono. Lakini maji yawe kidogo! Ukizidisha, juu kunakuwa na utelezi kama sabuni na michoro yote inafifia.

Majani ndiyo yaliyonitesa. Niliyajenga mazito, karibu sentimita moja pale katikati, nikayaanika kwenye dirisha lenye jua. Jioni yakawa na nyufa. Jua lilikausha ngozi ya juu na ndani kukabaki kubichi, na udongo huu unaponywea kidogo wakati wa kukauka, ngozi ile haikuwa na la kufanya ila kupasuka. Niliyabandua yote. Mara ya pili nilikata jani kwa povu jembamba, nikalibandika, kisha nikatandaza udongo juu yake unene wa milimita mbili au tatu tu. Chapeo ikakaa chini ya pangaboi, mbali na jua, na kila siku niliigeuza. Pakiti inasema saa 24. Kwangu ilichukua siku nne kamili. Namna ya kujua ni kuweka mgongo wa kidole: ukihisi ubaridi, bado kuna maji ndani. Ukisikia sawa na povu lililo kando yake, endelea. Kipimo hicho hakijanidanganya hata mara moja.

Msasa juu yake unafanya kazi, ila kwa upole. Msasa mkali unauinua manyoya kama sweta lililochakaa. Nilianza na namba 240, nikaishia 400, mkono mwepesi, na barakoa usoni maana vumbi la povu si la kuvuta.

Ningependa watu wazungumzie zaidi umaliziaji, kwa sababu hapo ndipo chapeo yangu ilipoacha kuwa mkeka wa watoto. Udongo huu unakunywa rangi. Usipouziba, sehemu za povu zitang'aa na sehemu za udongo zitabaki kavu kama ukuta wa chokaa, na kila mtu ataona ni vitu viwili. Niliziba kwa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, nusu kwa nusu, tabaka tano nyembamba, kila moja ikikauka kabla ya nyingine. Inafanya kazi mahali pasipopinda. Kwenye ukingo, ambako waigizaji hushika, ilianza kuonyesha mistari ya kukatika baada ya mazoezi mawili. Ningeanza upya leo, ukingo ningeupaka mpira wa kupuliza, ule unaokauka ukawa ngozi inayonyumbuka. Ni ghali mara kadhaa ya gundi, lakini kopo moja linatosha ukingo tu, na gundi ukaiachia kichwa.

Juu ya hapo, nyeusi ya kung'aa ya kupuliza, safu tatu. Nilipulizia juu ya paa la nyumba, alfajiri kabla ya upepo, nikivaa barakoa yenye vichujio vya mkaa. Ile ya kitambaa inazuia vumbi tu, mvuke wa rangi na wa gundi ya viatu unapita humo kama hakuna kitu. Tafadhali msilichukulie jambo hili kuwa dogo, hasa wenye vyumba vidogo na watoto ndani.

Halafu likaja lile ambalo kila aliyeiona chapeo ameniuliza: chuma umekipataje? Sikutumia rangi ya fedha. Nilisaga risasi za penseli laini za kuchorea, 6B, kwenye msasa mpaka nikapata kijiko cha unga, nikausugua kwa pamba juu ya nyeusi ile iliyokauka. Ukisugua unaona chuma kikizaliwa mbele yako. Kinakuwa cha kijivu kizito, chenye kiza kwenye mabonde na mwanga kwenye matuta, si ule weupe wa sufuria mpya unaoletwa na rangi ya fedha. Kisha rangi ya maji ya kahawia iliyochanganywa na nyeusi, nikaimwaga kwenye mishipa ya majani na kuzunguka viwaridi, nikafuta juu kwa kitambaa ikabaki mabondeni. Hapo kila kitu nilichokifinyanga kikasimama. Viwaridi nikavigusa rangi ya shaba ya manjano, kwa ncha ya brashi iliyo karibu kukauka.

Vanishi ndiyo ilinipa moyo wa wasiwasi. Nilijaribu kwanza kwenye kipande cha povu, na nashukuru nilifanya hivyo: vanishi isiyong'aa iliua chuma chote, kikageuka majivu. Ile ya kung'aa ilikitia giza kidogo ila ikakiacha hai. Nilipuliza safu moja nyembamba kutoka mbali, basi. Usipopuliza kabisa, unga wa penseli utahamia mikononi na kwenye kola ya mwigizaji.

Ndani nilishonea leso kuukuu, tabaka mbili, ikikazwa kwa mkanda wa kidevu. Nilipoipeleka mazoezini, mwalimu wetu anayeongoza mchezo aliipokea kwa mikono miwili, akaitegemea iwe nzito, na mikono ikapanda juu yenyewe. Akacheka, akasema, "Mama, hii umeitengeneza kwa nini, kwa maneno?" Chapeo halisi za namna hii zina uzito wa zaidi ya kilo. Yangu tuliiweka kwenye mizani ya duka: gramu 310. Mwigizaji aliivaa dakika 40 mfululizo chini ya taa bila kulalamika.

Tumeshafanya maonyesho matatu. Viwaridi viwili vimedondoka, vyote pale nilipovibandika kwa gundi nyeupe badala ya gundi ya viatu. Msokoto haujaguswa. Ncha ya mbele ya ukingo, ambayo nilikuwa nimeizungushia uzi mwembamba wa udongo, imemeguka kama sentimita mbili kwa kushikwa shikwa, na hilo nalilaumu uamuzi wangu, maana udongo huu haukuumbwa kwa sehemu inayobeba mkono wa mtu. Hapo ningetumia kamba ya pamba iliyolowekwa gundi, nikaipaka rangi ile ile.

Kwa hiyo kama unauliza ninunue au nisinunue: kwa viwaridi, misokoto, majani, maandishi, chochote kinachonyanyuka kidogo juu ya povu, nunua, na nunua mweupe, kwa sababu ule wa rangi nyeusi ulinitia doa vidoleni na mezani. Kwa kujenga ukuta au pembe ndefu, hapana. Na kama uko pwani, usiahidi mtu tarehe kabla hujahesabu siku nne za kukauka kwa kila awamu ya kufinyanga. Mimi nilikuwa na awamu tatu.

Pakiti iliyobaki, kama robo hivi, nimeifunga kwa nailoni mara mbili na kuitia kwenye mkebe pamoja na kipande cha sifongo chenye unyevu. Hii ni wiki ya sita na bado ni laini. Askari wawili wa kapteni wanasubiri chapeo zao, na viwaridi vyao vitatoka humo.