ExifTool: programu ya bure iliyonitoa kwenye balaa la IMG_0001

Wadau mi napiga picha za harusi, sendofu na kicheni pati hapa Dar, na miaka yote nilikuwa nakopi picha toka memori kadi kwenda laptopu hivyo hivyo zilivyo, folda naiita "harusi mpya", inayofuata "harusi mpya 2", halafu "harusi mpya ya mwisho kabisa". Ikaja siku nimerudi toka ukumbini saa nane usiku na kamera mbili, yangu na ya msaidizi, nikamwaga zote folda moja, kompyuta ikauliza faili zenye majina haya zipo tayari, niziweke juu yake? Macho yamejaa usingizi nikabonyeza ndiyo. Picha mia na kitu zikafutika pale pale. Kadi zilikuwa bado hazijafomatiwa, nikazikopi upya, la sivyo saa hizi ningekuwa nimeshahama mji.

Yaani kamera haikupi jina, inakupa namba tu, tena tarakimu nne basi. Watengenezaji wanafuata utaratibu mmoja uliotoka Japani unaoitwa DCF, herufi nne mbele halafu 0001 mpaka 9999, kwahiyo Canon ni IMG_0001, Nikon DSC_0001, Fujifilm DSCF0001 (na kwenye menyu ukichagua mpangilio wa rangi wa Adobe RGB, Canon inageuka _MG_ na Nikon inakuwa _DSC, usidhani kamera imeharibika). Ikifika 9999 inaanza tena 0001 kwenye folda nyingine, 100CANON inakuwa 101CANON. Sasa piga hesabu, shughuli moja napiga kama picha 2000, ina maana baada ya shughuli tano tu IMG_0412 inazaliwa upya! Kwenye menyu weka namba ziendelee, usiache ianze upya kila ukibadilisha kadi. Na kadi ya kuazima ifomati kwanza kwenye kamera yako, maana ukiichomeka ina picha za mtu zenye namba kubwa, kamera inaweza kuruka na kuendelea toka pale, unabaki unajiuliza picha elfu tatu zimeenda wapi.

Ndo nikakutana na ExifTool. Aliyeitengeneza anaitwa Phil Harvey, ipo tangu 2003, bure kabisa, inakubali Windows, Mac na Linux. Kazi yake ni kusoma taarifa zilizojificha ndani ya picha, tarehe, saa, aina ya kamera, lenzi, mpaka spidi ya shata, na inaweza kuzitumia hizo kuipa picha jina. Haina vitufe wala menyu, unafungua kile kidirisha cheusi (kwa Windows kinaitwa Command Prompt) unaandika amri. Mi natumia hii kila siku:

exiftool -d "%Y%m%d-%H%M%S_%%f.%%e" "-FileName<DateTimeOriginal" D:\harusi

IMG_0412.CR2 inatoka inaitwa 20240817-161205_IMG_0412.CR2. Mwaka, mwezi, siku, saa, halafu namba ya zamani inabaki mwishoni. Hiyo %%f ndo inayobakiza jina la zamani na nakushauri usiitoe, kwanza RAW (faili ghafi la kamera, kama hiyo .CR2) na JPEG (picha ya kawaida) za picha moja zinaendelea kufanana jina, pili ukipiga picha sita ndani ya sekunde moja hazigongani. Kabla hujaamini badilisha neno FileName liwe TestName, itakuonyesha majina mapya bila kugusa kitu. Ifanye hivyo kwanza, tafadhali, maana majina yakishabadilika hakuna kitufe cha kurudisha nyuma.

Kwa Windows kuna vikorokoro. Faili ukilishusha linaitwa exiftool(-k).exe, litoe hiyo (-k) ndo amri zikubali, na folda ya exiftool_files iliyokuja nayo lazima ikae pembeni yake. Ukitaka kuiweka amri kwenye faili la .bat ili uwe unabofya tu, kila % lazima uiandike mara mbili. Hapo nilipoteza jioni nzima, na hakuna wa kumlaumu, maelezo yapo, sikusoma.

Sasa kisa cha saa. ExifTool inafuata saa ya kamera kama kipofu anavyofuata mkono, kamera ikidanganya na yenyewe inadanganya. Msaidizi wangu mpya aliseti kamera kwa saa ya Kiswahili! Nikah ya saa kumi jioni ikaandikwa 10:00, nikapanga picha kwa majina, bi harusi anaolewa kwanza halafu ndo anaenda saluni. Nilicheka mpaka basi. Dawa yake mstari mmoja tu:

exiftool "-AllDates+=6" D:\harusi\kamera2

Saa sita zikaongezwa kwenye picha zote, nikabadilisha majina upya, kila kitu kikakaa sawa. Ila hapa inatunza nakala ya kila picha yenye _original mwishoni, kwahiyo diski inajaa mara mbili, ukishahakikisha zifute.

Isichoweza ni picha za WhatsApp. Zile IMG-20240817-WA0003 tarehe ya ndani imeshafutwa na hiyo ya kwenye jina siyo ya kupigwa, kwahiyo ExifTool inakupa onyo na kuiruka. Mteja akikutumia "nataka hizi" kwa skrinshoti mwambie akuandikie namba. Na kama unatumia Lightroom (programu ya kupanga na kuhariri picha) badilisha majina kabla hujaziingiza, ukifanya baadaye itakwambia haizioni.

Asiyetaka kuandika amri kabisa ajaribu digiKam, nayo ya bure na ina vitufe vya kubofya, ila kwangu ilikuwa nzito, laptopu yangu yenyewe ya kuombea.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeibana kwa sababu ya kile kidirisha cheusi, msaidizi wangu mpaka leo anakikimbia, ananiwekea kadi mezani na kusema "bosi, ile ya kimatrix fanya mwenyewe".