Biriani ya Ijumaa Tabora mjini: chakula naipa tisa, ila ile "lipa kwanza" tuiongelee

Nianze na chakula maana ndo kilichonipeleka pale. Hoteli yenyewe iko katikati ya mji, si mbali na soko kuu, jina silitaji kwa sababu mtakazoziona mbele, ila mtu wa Tabora ukisikia biriani ya Ijumaa na achari ya embe inayoletwa kwenye kibakuli cha bati ushajua. Jamani ile biriani ni habari nyingine. Wali umechambuka, rosti inawekwa pembeni siyo kumwagiwa juu kama wanavofanya wengine kuficha wali mbovu, kitunguu kimekaangwa mpaka kinavunjika mdomoni, nyama ya mbuzi ukiigusa tu na kijiko inaachia mfupa. Na ile achari sasa. Mji huu miembe iko kila kona, msimu ukifika embe zinaoza barabarani, ila hoteli nyingi hazijui la kufanya nazo zaidi ya juisi yenye sukari kama zote, hawa wanazikata mbichi wanazianika wanatia pilipili na chumvi, mi hata ugali mkavu ningeula nayo.

Bei za kawaida: biriani ya mbuzi 9,000, ya kuku 8,000, pilau 5,000, asubuhi supu na chapati mbili 4,000. Choo kisafi, maji ya kunawa ya uvuguvugu. Ubaya ni joto, mwezi wa kumi ukikaa mbali na feni unatoka umelowa shati zima, na juisi ya pasheni iacheni tu.

Sasa tuje kwenye kilichonifanya niandike. Ukishakaa kijana anakuja, salamu nzuri, anachukua oda, halafu anasimama. Hasogei. Ukimwangalia anakwambia kwa sauti ya chini "samahani bosi, huwa tunalipia kwanza". Sawa, mi nalipia kwanza sehemu nyingi, mabanda ya chips ya stendi ndo utaratibu wao na sina neno. Shida ilikuwa meza ya jirani. Pale walikaa watu wa jamii moja na mwenye hoteli, Waarabu wa hapa hapa Tabora wa vizazi na vizazi, wanakula, wanaongeza soda, wanaongeza mishkaki, na hakuna aliyesimamiwa kichwani. Nikajipa moyo kwamba labda wameshalipa kabla sijaingia. Nikarudi siku nyingine nikawa naangalia makusudi, ikawa vile vile, sisi wengine tunalipa kwanza, wao wanakula wakimaliza wananyanyuka, wengine hata kaunta hawapiti.

Halafu kuna kitu kikanivuruga. Akaja jamaa mweusi tii kuliko mimi, kashuka kwenye gari la serikali, kachomekea, yeye naye hakuambiwa lipa kwanza. Kwa hiyo siyo rangi peke yake, ni rangi na muonekano na sijui na gari ulilokuja nalo, ila angalieni vizuri hapo: yule bwana ilibidi ashuke kwenye gari la serikali ndo aaminiwe, wale wa meza ya jirani kuna aliyekuja na kandambili.

Nikalipeleka nyumbani likazua mjadala mkubwa kuliko biriani yenyewe. Mjomba wangu, mstaafu wa reli, akacheka. Akasema "Wewe Mnyamwezi, uko Tabora, umezungukwa na watu wako mpaka Nzega mpaka Sikonge, hao ni watu wa kuhesabu, wakikubagua wamekupunguzia nini? Si unanyanyuka unaenda kula kwa mama ntilie mbele hapo?" Dada yangu anafundisha uraia sekondari akamrukia, "Mjomba, ibara ya 13 ya Katiba imekataza kubaguana na haijasema anayebagua awe wengi au wachache, ubaguzi ni ubaguzi." Mjomba akamjibu "Katiba haili biriani mwanangu."

Kiukweli wote wawili nawaelewa na wote wawili naona wamekosea kidogo. Dada anaongelea ubaya wa jambo, na hapo yuko sahihi, kuambiwa kwa macho kwamba wewe ni mtu wa kukimbia na bili kunauma hata uwe na ukoo wilaya nzima, ule ukoo haukai na wewe mezani. Lakini kuuma na kukuathiri ni vitu viwili. Mi niliumia ile mchana, jioni nikasahau, mfuko wangu haukupungua, kazi yangu ipo, mtoto wangu shule anaenda. Mjomba naye anakosea akidhani uchache ndo unaondoa makali, uchache hauondoi kitu, angalia wameshika nini hao wachache.

Na mji huu ndo wa mwisho kusahau hilo. Karibu na mwaka 1860 wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe, utemi uliokuwa hapa Tabora, walikuwa kiganja cha watu ukilinganisha na Wanyamwezi waliowazunguka, ila mtemi Mnywa Sele alipotaka kuwatoza kodi kwenye biashara yao walimng'oa wakamuunga mkono Mkasiwa akakaa yeye. Walikuwa na bunduki na bidhaa, basi. Mirambo, mtemi wa Urambo, alipokuja kupigana nao kuanzia 1871 hakuwa anapigana na wingi wa watu, alikuwa anagombania njia ya biashara. Tuje karibu zaidi, Januari 1958 TANU walikutana hapa hapa Tabora, ule mkutano wa Uamuzi wa Busara tunaofundishwa shule, kilichokuwa mezani ni kura tatu, masharti ya Mwingereza kwa uchaguzi uliokuwa unakuja: kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, viti sawa kwa sawa, wakati Waafrika ndo walikuwa karibu nchi nzima. Wapo waliosema tususe, Zuberi Mtemvu akatoka akaenda kuanzisha chama chake cha Congress (ANC), Nyerere akawashawishi waliobaki waingie hivyo hivyo na wakashinda. Mnaona wenyewe, wingi ulikuwepo miaka yote na haukusaidia kitu mpaka ulipopata karatasi ya kura.

Basi mi nikaamua nimuulize mwenyewe mwenye hoteli, maana kunung'unika nyumbani ni rahisi. Mzee wa makamo, anakaa nje asubuhi na kahawa yake. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba halafu akanigeuzia mwangaluka na Kinyamwezi kilichonyooka kuliko changu, mi nimekulia Isevya Kinyamwezi changu cha kuungaunga. Nikamwambia mzee wangu chakula chako sina shaka nacho ila mbona sisi tunalipa kwanza na wengine hapana. Hakukasirika. Akasema "Mwanangu, wale wako kwenye daftari, wanalipa mwisho wa mwezi. Na siku za nyuma watu wamekula wakaondoka, mimi nifanye biashara gani?" Nikamuuliza mtu anaingiaje kwenye daftari. Akasema "Nikimjua." Nikamwambia mi mbona unaniona kila mara, niandike na mimi. Akacheka sana, akaniambia nilete kitambulisho na namba ya simu ya mdhamini atazungumza na mwanae wa kaunta. Sasa mzee wangu, hao wa kandambili walileta mdhamini?

Na hapo ndo nilipoelewa jambo lenyewe lilipo. Yule mzee hanichukii, ningekuwa muongo nikisema ananichukia, alininunulia na kahawa. Ila daftari lake linajua ukoo wake na majirani wa msikitini aliokua nao, na mtu nje ya hapo anaanza akiwa mtuhumiwa mpaka athibitishe. Na daftari siyo kitu kidogo katika nchi hii, nani anakopesheka na nani hakopesheki ni stori ya zamani. Enzi za Mwingereza Tanganyika kulikuwa na sheria kabisa ya kubana mkopo kwa Mwafrika, mfanyabiashara asiye Mwafrika akikukopesha bila kibali cha maandishi cha serikali basi deni hilo hawezi kulidai mahakamani, wakasema ni kumlinda mwenyeji asiingie madeni. Ukifikiria duka la wakati huo ungeona mwenye duka hana hata haja ya kuwa mbaguzi, sheria imeshambagulia. Sheria ilikufa ila tabia ya kudhani kwamba Mswahili wa kawaida ni wa keshi tu nadhani ina mizizi mingi na mmoja uko hapo.

Kwa biriani hiyo tabia ni kero tu. Ila jirani yangu ana mashine ya kusaga kule Ng'ambo, kipuri kilikufa msimu wa mavuno, duka lililokuwa nacho mjini lilikuwa moja tu, keshi hakuwa nayo yote, akaomba amalizie wiki inayofuata, akakataliwa, na anasema mteja aliyemkuta pale, wa jamii ya mwenye duka, alikuwa anabeba mzigo kwa kuandikwa tu. Mashine ililala mpaka alipouza mbuzi. Wateja wakahamia kwa mwingine, na mteja wa mashine akishahama kumrudisha kazi. Huyu naye ni Mnyamwezi, naye kwao, naye wengi, na ameathirika haswa, kwa sababu hakuwa na mlango wa pili wa kugonga. Mjomba nilipomwambia hili alikaa kimya kidogo halafu akabadilisha mada akaanza habari za pensheni.

Lakini nisiwe wa kuona upande mmoja. Ijumaa moja foleni ilikuwa ndefu mpaka nje, kijana wa mzee, yule wa kaunta, akachelewesha chenji, mtu mmoja nyuma yangu akapaza sauti "kama mmechoka rudini kwenu Oman". Watu wakacheka, na mi nilitabasamu. Yule kijana kazaliwa hospitali ya Kitete hapa mjini kama sisi, kasoma hapa, akakausha tu akaendelea kuhesabu hela. Nikawa nafikiria njiani, mi nikiambiwa lipa kwanza naweza kunyanyuka nikaenda hoteli nyingine na nyingine, yeye akiambiwa rudi kwenu anaenda wapi? Na anajua wengi wakiamua jambo linakuwa sheria. Mwaka 1971 serikali ilichukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, sheria haikutaja rangi ya mtu ila waliopokonywa wengi walikuwa Waasia, na wazee wa mjini hapa wa familia hizo hawajasahau. Sisemi ilikuwa sahihi au siyo sahihi, kuna wapangaji walipumua. Nasema mtu mwenye kumbukumbu hiyo nyumbani kwao usishangae akimwandika kwenye daftari ndugu yake kwanza. Inaeleza, haihalalishi.

Kwa hiyo ukiniuliza wachache wakibagua inawagusa wengi, nakwambia inategemea ni nani kati ya hao wengi. Mimi mteja mwenye hela na miguu, kidogo sana. Mwenye mashine, sana. Na kuna mmoja tunamsahau, yule kijana anayesimama na kusema "samahani bosi". Katokea Urambo, mwembamba, mpole, ndo anayetumwa kuwaambia ndugu zake wenyewe walipe kwanza na ndo anayetukanwa wakikasirika, nimeona mama mmoja kamwambia "na wewe unajiona Mwarabu?" Kaunta hajawahi kukaa mtu nje ya familia, na kijana anajua hatafika pale hata afanye kazi mpaka mvi, kaniambia mwenyewe bila hata uchungu wakati anafuta meza. Mshahara wake, ruhusa ya kwenda msibani, vyote viko kwenye mkono wa huyo huyo mwenye daftari. Kwao Urambo yuko katikati ya wengi kabisa, ila akivaa ile tisheti ya kazi wingi wake haumsaidii chochote. (Na ndiyo, najua biashara za Wachaga na Waha nazo kaunta anakaa shemeji. Nao nikienda kula kwao nitawaandika.)

Mzee akitaka ushauri wangu wa bure ni mwepisi: bandika karatasi ukutani LIPA KWANZA na kila mtu alipe kwanza, wa kandambili na wa V8 na mpwa wako, au kila mtu alipe mwisho. Wa daftari walipe mwisho wa mwezi ila daftari liwe na masharti yanayojulikana, anayekula pale mwaka mzima awe amejulikana tayari. Na yule kijana msimtume, kazi ya kudai hela afanye mtu wa kaunta.

Nitaendelea kwenda? Ndiyo, siwezi kujidanganya, achari ile sijaipata pengine. Chakula tisa, usafi nane, huduma ya yule kijana kumi, utaratibu wa malipo tatu na hiyo tatu ni kwa sababu mzee alinisikiliza. Kitambulisho nimepeleka, mdhamini nimemweka mjomba, anasubiriwa mtoto wa kaunta arudi kutoka Mwanza.

Kwa mnaotaka kwenda, Ijumaa fika kabla ya saa saba mchana, wakishatoka msikitini unakuta biriani imeisha unauziwa pilau. Beba noti ndogo, chenji yao ni mtihani, na ukiachia kijana chochote mpe mkononi usiache mezani.