Uzoefu Wangu na Spektromita ya Infraredi ya Almasi, Kisumu

Spektromita ya infraredi yenye kioo cha almasi, mashine inayopima jinsi kitu kinavyonyonya miale ya infraredi isiyoonekana kwa macho, ambayo huikodi kwa saa katika maabara moja hapa Kisumu, imenifaa kwa kazi niliyoikusudia, yaani kutambua mahali ambapo molekuli ya dawa hujishikiza kwenye DNA, ingawa wenye maabara hawakunitahadharisha juu ya unyevu wa hewa ya ziwa.

Nilipima DNA ya tezi ya ndama pamoja na klorokwini, dawa ya malaria inayojulikana tangu miaka ya 1960 kwamba hujipenyeza kati ya jozi za besi, zile herufi za DNA zilizopangika kama vidato vya ngazi. Tone dogo juu ya almasi linatosha, na DNA haihitaji kutiwa rangi yoyote. Kwenye mchoro wa mashine, kilele cha karibu 1710 (idadi ya mawimbi kwa sentimita) hutokana hasa na besi ya guanini, cha 1660 na besi ya thimini, na fosfeti za uti wa DNA huonekana karibu 1222 na 1088. Dawa ikiongezwa, kilele kinachosogea au kubadilika kimo ndicho kinachoelekeza ilikokaa. Hapo sina lalamiko.

Anayetumia klorokwini ajue kwamba kwa kawaida huuzwa ikiwa chumvi ya fosfeti, na fosfeti hiyo huvamia eneo lile lile la 1088. Kwa hiyo ni lazima dawa ipimwe peke yake, kisha iondolewe kwa hesabu. Bafa ya fosfeti, yaani myeyusho unaodhibiti asidi, nayo iepukwe. Maji hunyonya miale kwa nguvu karibu 1640, eneo lile lile la vilele vya besi, ilhali maji mazito (yenye hidrojeni nzito) huhamishia usumbufu huo karibu 1210, ndiyo maana besi nilizipima katika maji mazito na fosfeti katika maji ya kawaida.

Kero yangu ni matunzo. Siku za mvua, mvuke ulio ndani ya mashine hujaza mchoro vijino vyembamba kati ya 1400 na 1800, na nilikuta chembe za silika za kufyonza unyevu, ambazo zikiwa kavu huwa za buluu, zimegeuka waridi pasipo mtu kujali, ilhali kigawa miale cha potasiamu bromidi huharibiwa na unyevu. Chembe hizo zilipokaushwa kwenye oveni, mchoro ulitulia.

Kwa kupima nguvu ya mshikamano wa dawa na DNA, bado naona spektromita ya urujuanimno ni bora, kwa kuwa infraredi hudai myeyusho wa DNA uliokolea mno. Nitaikodi tena, ila ningependa ada ijumuishe muda wa kupuliza naitrojeni ndani ya mashine ili kufukuza mvuke, muda ambao kwa sasa mteja ndiye anayeulipia.