Fundi aliyenifutia chapa ya kisu cha babu: uzoefu wangu na karakana moja mjini Tabora

Naandika nikiwa na hasira, na sitaki zipoe kabla sijamaliza. Kuna karakana hapa Tabora, jina silitaji, inasifiwa na kila mtu kwa kunoa mapanga, mikasi ya mafundi cherehani na visu vya mabucha. Niliwapelekea kisu cha kukunja cha babu yangu. Kimerudi kinang'aa, kinafunguka vizuri kuliko nilivyowahi kukiona kikifunguka, na chapa yake imesagwa.

Babu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki. Alikwenda Burma na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale walioshuka bonde la Kabaw mwaka 1944 mvua zikiwanyeshea, wakiwafukuza Wajapani mpaka mto Chindwin. Vitu alivyorudi navyo vingi vimepotea. Kisu kilibaki. Ni kile walichopewa askari wa Mwingereza: ubapa mmoja mfupi, mnene, wenye makali yaliyonyooka, kifungulio cha makopo, msumari mrefu mgongoni wa kufumulia kamba, pete ya kukifunga kiunoni. Pembeni kina vibao vya plastiki nyeusi vilivyochongwa vijimraba ili kisiteleze mkono ukilowa. Na pale ubapa unapoingia kwenye mpini palikuwa na neno SHEFFIELD, mwaka 1943, na mshale mpana, alama ambayo serikali ya Uingereza iliipiga kwenye mali zake.

Visu hivi vilitengenezwa kwa wingi sana wakati wa vita. Uingereza bado vinauzwa, tena si kwa bei ya kutisha. Kwa hiyo asije mtu hapa akaniambia nalilia utajiri. Nililia ule mwaka 1943, ambao babu alikuwa akitusomesha kwa kuuweka ukucha wake chini ya kila tarakimu.

Kisu kiliharibika mikononi mwa baba mdogo. Alikwenda nacho porini kurina asali, akakitumia kubandulia kifuniko cha mzinga, kona ya mbele ikameguka. Baada ya hapo kikawekwa kwenye mkebe wa chai, na huko kutu ikakila kwenye maungio mpaka kikawa hakifunguki bila koleo. Kikifunguliwa, ubapa unacheza huku na huku. Kibao kimoja kina ufa.

Tulibishana sana nyumbani. Baba mdogo alitaka king'arishwe kiwe kama kipya, nadhani kwa sababu ya ile kona. Shangazi alisema kisiguswe hata kidogo, kutu yenyewe imetoka Burma. Imetoka kwenye mkebe wa chai, shangazi, kwa heshima zote. Mimi nilisimama katikati na mpaka leo nimesimama hapo hapo. Kutu nyekundu ni ugonjwa, inakula chuma kila siku na lazima itolewe. Lakini ule weusi wa kijivu ulioutanda ubapa ni kitu kingine kabisa. Chuma cha kaboni kinaupata kwa kukata maembe, ndimu na nyama miaka na miaka, na kwa kiasi unakizuia kisishike kutu nyekundu. Ukiusugua wote ukaisha, umekiondolea kisu umri wake na kinga yake pamoja. Na kona iliyomeguka? Iachwe. Ili kuirudisha lazima ubapa mzima usagwe urudi nyuma, na chuma kilichosagwa hakirudi.

Nikaamua: maungio yafunguliwe, mchezo uondolewe, kutu nyekundu itolewe kwa mkono. Basi.

Nilifika karakana asubuhi. Fundi ni mtu wa makamo, mikono yake inaonyesha kazi, na nilimsalimu vizuri. Alikipokea kisu, akakigeuza, akauliza:

"Mwenye kisu yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Hapana dada, mwenyewe. Mzee. Mwambie aje tuelewane."

"Mzee alishafariki. Kisu ni changu."

Akacheka na kijana wake. Nikameza. Nikamweleza kwa utaratibu: hapa kwenye maungio tu, grainda isikiguse, chapa hii isiguswe. Nikamwonyesha mwaka kwa kidole. Akaitika, "Sawa mama, sawa," kama unavyomwitikia mtoto anayeomba pipi. Tukakubaliana bei, nikampa nusu. Kisha akaniambia nikakae kivulini, eti cheche zitaniharibia kitenge.

Cheche za nini, kama grainda haihusiki? Niliuliza hivyo hivyo, kwa sauti. Akasema anamalizia kazi ya mtu mwingine. Na kweli alikuwa na panga la mtu mkononi.

Hapa nataka kumtendea haki, kwa sababu sehemu ya kwanza ya kazi yake ilinifurahisha mno. Alikilaza kisu kwenye mafuta ya taa ndani ya kopo, akakiacha, akafanya mengine. Hakukilazimisha. Watu wengi wangepiga nyundo hapo hapo, springi ingekatika. Baada ya muda mrefu akakichukua, akakisukuma kidogo, akakirudisha kwenye mafuta, akakisukuma tena, na tope la kutu likaanza kutoka kwenye maungio. Akalifuta, akatia mafuta ya cherehani. Halafu akaweka ile pini juu ya kipande cha reli, akaigonga kichwani taratibu kwa kinyundo kidogo, gonga moja, jaribu, gonga nyingine, jaribu, mpaka pini ikatanuka kiasi cha kuziba nafasi na ubapa ukaacha kucheza. Ukizidisha gonga moja hapo, kisu kinakwama tena. Hakuzidisha. Alipokifunga, springi ilipiga *ta!* na moyo wangu ukaruka. Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu utotoni. Kama ningeondoka na kisu dakika ile, haya maandishi yangekuwa ya kumsifu kutoka juu mpaka chini.

Simu ikaita, nikasogea pembeni kwenye utulivu. Niliporudi, ubapa ulikuwa kwenye grainda.

Nilipiga kelele, na watu wa karakana ya jirani walitoka nje. Fundi aliuondoa kwenye jiwe bila haraka yoyote, akautazama, na mimi nikautazama. Ile kona iliyomeguka alikuwa ameisaga iwe mviringo. Ukingo wa makali kuanzia katikati mpaka mbele ulikuwa wa buluu, na penye kona buluu ilishapita, pamekuwa pa kijivu. Wanaojua chuma wanajua rangi hiyo maana yake. Chuma kikipata moto wa nyuzi 230 hivi kinageuka manjano ya majani makavu, na hapo bado ni kigumu cha kutosha kwa kisu. Kikikaribia 300 kinakuwa buluu, rangi ya springi: kinapinda bila kuvunjika, lakini hakishiki makali vile. Kikipita hapo kinazidi kulainika. Ukingo mwembamba wa makali kwenye jiwe linalozunguka kasi, bila maji, unafika huko kwa kufumba na kufumbua.

Nikamwambia, "Umekiunguza."

Akasema, "Hiyo ni rangi tu, mama. Inatoka."

Na kabla sijakishika akakipeleka kwenye brashi ya kung'arishia. Pale! Pale ndipo hasira yangu ilipozaliwa. Brashi ilifuta buluu, kweli, na ikafuta weusi wote wa miaka, ikapita juu ya chapa kwa sababu mtu mwenye haraka hakwepi. Nilipokinyakua imebaki FIEL na nusu ya mshale. 1943 haipo. Haionekani hata ukikiinamisha juani.

Nilisimama nimekishika. Sikuwa na neno. Fundi, labda aliona uso wangu, akasema kwa upole kabisa, na ule upole ndio ulionichoma zaidi: "Usijali mama. Niandikie jina unalotaka, nitakuchongea. Elfu tano tu."

Nikuandikie nini, kaka? Burma? Nikakiweka kwenye mkoba nikaondoka. Sikumalizia nusu ya pili, na tangu siku hiyo ananipigia simu.

Jirani yetu mmoja ni mzee aliyestaafu karakana za reli. Nilimpelekea kisu jioni ile. Hakusema pole, aliingia ndani akatoka na tupa ndogo. Akaipitisha kwenye makali karibu na mpini: ikateleza kama juu ya kioo. Akaipitisha karibu na kona: ikashika, ikatoa unga. "Umesikia mwenyewe," akasema. Rangi ilitoka, ulaini umebaki. Brashi haikurudisha ugumu, iliondoa ushahidi.

Nikamuuliza kama ubapa unaweza kutiwa moto upya. Akaniambia unaweza, ila ungetakiwa kufikia wekundu wa nyuzi 800 hivi, uzimwe kwenye mafuta, kisha upashwe tena polepole kufikia zile 200 na kitu. Kwa hiyo ubapa utoke kwenye mpini kwanza: pini zote zitobolewe, vibao vya plastiki vitolewe, na kimojawapo tayari kina ufa, hakitatoka kizima. Zitiwe pini mpya. Mwisho utakuwa na kisu kizuri, na kitakachokuwa cha babu humo ni springi na pete.

Nilikaa na hilo usiku mzima. Kuna wakati nilisema potelea mbali, kimeshaharibiwa, basi kitengenezwe chote kiwe kipya, baba mdogo afurahi. Nikaliacha wazo hilo. Ulaini uko kwenye ukingo tu, na hauingii ndani sana. Nitakinoa mwenyewe kwa jiwe la mkono na maji, kidogo kidogo kila nikipata nafasi, mpaka tupa iteleze kote. Ubapa utapungua milimita moja au mbili. Sitaichonga chapa upya. Nusu ya mshale ni nusu ya mshale ya kweli. Ufa wa kibao nitauacha. Weusi utarudi wenyewe, na msimu wa maembe Tabora hauko mbali.

Mtanitaka sasa niseme kama karakana hii inafaa au haifai. Nilipoanza kuandika nilitaka kusema: panga, jembe, shoka, kisu cha jikoni, wapelekeeni, maana yule bwana ana mkono. Ana mkono kweli, kisu nakifungua na kukifunga mpaka sasa hivi ninapoandika, na sijaona kazi safi kama hiyo. Kitu cha urithi tu ndicho msimpelekee.

Lakini kadiri ninavyofikiri, nalibadilisha neno hilo. Mtu aliyeona buluu akakimbilia brashi hakufanya hivyo kwa mara ya kwanza kwenye kisu changu. Alifanya haraka mno, bila kuwaza. Mapanga mangapi yametoka pale yanang'aa na yamekufa makali, wenyewe wakirudi shambani wakidhani walinunua chuma kibovu? Panga jipya mtu anajinyima kulinunua. Kwa hiyo hapana, hata panga. Mkilazimika, kaeni pale pale, simu isiwaondoe, na ombeni ndoo ya maji iwe kando ya jiwe. Akichovya kila anaposaga kidogo, chuma hakifiki huko kwenye buluu. Ndoo ilikuwepo siku ile. Kijana wake alikuwa ananawia mikono.

Na lile la "mwenye kisu yuko wapi" sijalisahau. Naamini ningekuwa mwanaume asingeniuliza swali hilo, na maelekezo yangu angeyasikiliza. Kaka yangu alipokwenda wiki iliyofuata na mkasi, aliambiwa "sawa mkuu" na mkasi ukanolewa kama alivyotaka, kwa jiwe la mkono, na maji.

Kuhusu pesa: nimepiga hesabu na mzee jirani kazi ya maungio peke yake ingestahili kiasi gani, na ile nusu niliyotoa haifiki. Kilichopungua nitamtumia, aliyafanyia kazi kweli. Ya kunoa na kung'arisha hapati, hata apige simu usiku na mchana.