Unanunua Laptopu Mpya? Anza na RAM

Habari zenu watazamaji, karibuni. Wengi wenu mkiniuliza kuhusu laptopu mpya, swali la kwanza huwa ni prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Leo naomba tuanze na RAM, kumbukumbu ya muda inayobeba kila ulichofungua wakati unafanya kazi.

Sababu ni hii: laptopu nyembamba nyingi za siku hizi RAM yake imechomelewa kwenye ubao mama, ule ubao mkuu wa ndani. Kwenye zile zenye prosesa ya Intel Core Ultra 200V ndiyo kabisa, RAM imekaa pamoja na prosesa, GB 16 au 32, basi. Hakuna fundi atakayekuongezea baadaye. Utakachochagua siku ya kununua ndicho utakachokuwa nacho mpaka mashine ife. Kwa hiyo, iwe Windows au Mac, msishuke chini ya GB 16. Ukiwa na GB 8, ukafungua kivinjari na kurasa zako zote, kisha ukaingia kwenye kikao cha video, mashine inaanza kuwa nzito.

Tuichukue MacBook Air ya M4, iliyotoka 2025. Hapa Apple wamefanya la maana: hata ile ya bei ya chini kabisa ina GB 16. Haina feni, kwa hiyo iko kimya muda wote, ila ukiipa video ndefu ya kuhariri, joto likipanda inapunguza kasi yenyewe. Kinachoniudhi ni hifadhi, yaani nafasi ya kuweka mafaili. GB 256 zinajaa upesi, na huwezi kuzibadilisha.

Sasa hii, laiti mngeweza kuishika! Asus Zenbook A14. Toleo lake jepesi halifiki kilo moja. Pitisheni kidole juu ya mfuniko: si baridi ya chuma wala ulaini wa plastiki, inakwaruza kidogo kama kauri, na alama za vidole hazikai. Skrini ni OLED ya inchi 14, rangi zimekolea vizuri sana. Betri inadumu kweli, kwa sababu ndani kuna Snapdragon X, ambayo haili umeme mwingi. Lakini sikilizeni hapa: hiyo ni prosesa ya ARM, aina tofauti na zile za Intel ambazo programu nyingi za Windows ziliandikiwa. Programu za kawaida zinakwenda vizuri. Printa au skana ya zamani yenye programu yake maalumu inaweza kugoma, na baadhi ya michezo ya mtandaoni haifunguki kabisa. Kama kazi yako inategemea kifaa cha namna hiyo, hakikisha kwanza.

Ninayoipenda kuliko zote ni Framework Laptop 13, na sifichi. Tazameni. Nalegeza skrubu tano za chini, naigeuza, nainua kibodi, inashikiliwa na sumaku tu, na hii hapa RAM, vipande viwili, unavichomoa kwa mkono. Bisibisi yenyewe inakuja ndani ya boksi. Matundu ya pembeni nayo unayabadilisha: leo HDMI, kesho USB. Si nyembamba kuliko zote, na betri yake haifikii ya Zenbook. Hata hivyo betri ikichoka unaagiza nyingine na kuifunga mwenyewe mezani kwako, na kwangu mimi hilo lina uzito mkubwa.

Na wale wa vijilaptopu vidogo, vya aina ya Eee PC ya 2007, yenye skrini ya inchi 7 na hifadhi ya GB 4? Warithi wake bado wapo sokoni, na hapo ndipo watu wanapoumia. Ukiona RAM GB 4 na hifadhi ya eMMC, ile ya bei rahisi na ya polepole, ya GB 64, jua hicho ndicho kiwango cha chini kabisa kinachokubaliwa na Windows 11. Ukishaweka mafaili yako, masasisho yanakosa pa kukaa. Achaneni navyo.

Kwa bei ya chini tafuteni Chromebook, laptopu inayotumia ChromeOS ya Google badala ya Windows, yenye nembo ya Chromebook Plus. Google wanataka iwe na RAM isiyopungua GB 8, hifadhi ya GB 128 na kamera ya 1080p. Masasisho ni ya miaka 10, ila miaka hiyo inahesabiwa tangu jukwaa la mashine, yaani muundo wa ndani ambao modeli kadhaa hujengwa juu yake, lilipotoka, haianzi siku unayolipa. Kabla ya kutoa pesa, tafuta modeli yako kwenye orodha ya Google uone mwezi na mwaka wa mwisho. Ukikuta imebaki miwili, iache hapo ilipo, hata kama wameipunguza bei nusu.